Utitiri kwenye udongo wa mimea ya nyumbani: kagua kwanza, dawa baadaye

Mvua zikishakolea hapa Kigoma, kuanzia Novemba hivi, maswali huwa ni yale yale. Mmoja anasema udongo wa ndoo yake ya nyanya "unatembea". Mwingine kamwagilia pilipili, vikaibuka vidudu vyeupe. Wa tatu anauliza kama vile vinukta vinavyokimbia kwenye kopo la mnanaa vitaingia ndani na kuuma watoto. Na wengi wao wanapouliza, dawa wameshainunua.

Naomba uiweke kando kwanza. Utitiri wengi wanaoishi udongoni hawagusi mmea wako. Wanakula majani yaliyooza na ukungu, na wengine wanakula wadudu wanaokusumbua. Hawaumi watu wala paka, na wakitoka kwenye unyevu wa kopo hukauka na kufa. Utitiri anayemaliza nyanya anaishi chini ya jani. Ukimwaga sumu kwenye ndoo kwa sababu umeona kitu kinatembea, huenda ukaua wanaokusaidia, na yule wa juu akaendelea kula.

Mwongozo huu ni wa sisi tunaopanda kwenye makopo, ndoo, madumu yaliyokatwa na viroba, barazani Mwanga au uani Ujiji, Gungu na Katubuka. Mwenye shamba la ekari ana njia zake.

Hatua ya kwanza: mjue unayemwona

Utitiri ni jamaa wa kupe na buibui. Aliyekomaa ana miguu minane, hana mabawa wala vipapasio. Wa udongoni wengi hawafiki milimita moja, ndiyo maana kwa macho matupu unaona nukta tu. Lenzi ndogo ya mkono, ile ya kukuza mara kumi, itakusaidia sana. Ukiikosa, kamera ya simu ukiivuta karibu inatosha kuanzia.

Mwagilia kopo asubuhi, subiri maji yazame, kisha chota kijiko cha udongo wa juu kabisa. Umwage kwenye karatasi nyeupe, uutandaze kwa njiti ya kibiriti, ukae kivulini penye mwanga mzuri. Usiwe na haraka. Mara ya kwanza udongo utaonekana mtupu, kisha baada ya dakika mbili tatu walioshtuka wataanza kusogea.

Mwenye rangi ya kahawia iliyokolea, mviringo, anayeng'aa kama mbegu ya mchicha lakini mdogo kuliko hiyo, na anatembea polepole, huyo ni mla mabaki. Gamba lake ni gumu na hana meno ya mzizi mzima. Anavunjavunja majani yaliyokufa, na kinachobaki kinakuwa chakula cha mmea. Mwache.

Mwenye rangi ya hudhurungi hafifu, miguu mirefu kidogo, anayekimbia huku na huku bila kutulia, huyo ni mwindaji. Anatafuta mayai, funza wa vijinzi, na thripsi (wadudu wadogo wembamba wa majani) walioshuka udongoni kujigeuza. Ulaya na Marekani kuna kampuni zinazofuga utitiri wa aina hii, mmojawapo akiitwa kitaalamu Stratiolaelaps scimitus, na kuwauzia wenye vitalu nyumba. Wewe ukimpata wa kwako bure koponi, shukuru.

Mweupe anayepitisha mwanga, mwili mnene, mwendo mzito, tena yuko kwa makundi pale penye kitu kinachooza, huyo ndiye wa kumchunguza. Hapa kuna wa aina mbili. Mmoja ni utitiri wa ukungu, ambaye hufuata ukungu na mabaki yenye protini na mafuta. Mzizi mzima si chakula chake. Mwingine ni utitiri wa vitunguu, wa jamii ya Rhizoglyphus, na huyu kweli ana madhara. Huingia kwenye vitunguu maji, vitunguu saumu na mimea mingine yenye tunguu, hasa pale palipojeruhiwa au palipoanza kuoza, na akishaingia huuharakisha uozo. Kwa macho huwezi kuwatofautisha hawa wawili. Kitakachokuambia ni hali ya mzizi na tunguu, na hilo tutalifikia.

Kisha kuna wasio utitiri kabisa. Anayeruka ukimgusa, ana miguu sita na mwili mrefu kidogo, ni mdudu mwingine wa mabaki na unyevu, hana shida. Vijinzi vidogo vyeusi vinavyoinuka ukitikisa kopo vina funza weupe wenye kichwa cheusi chini ya udongo, na hao wakizidi hula vizizi vya miche michanga. Kuwapima ni rahisi: kata kipande cha kiazi mviringo kibichi, kilaze juu ya udongo, kiache siku mbili, kisha kigeuze. Kama wapo, utawakuta wamekusanyika chini yake.

Hatua ya pili: kama huna uhakika, tega chupa

Mwaka 1905 Mtaliano Antonio Berlese alibuni njia ya kuwatoa viumbe wadogo kwenye udongo kwa joto, na mwaka 1918 Msweden Albert Tullgren akaiboresha kwa kutumia taa ya umeme. Wataalamu wa udongo wanaitumia mpaka leo. Nyumbani unaweza kuitengeneza kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Kata chupa theluthi ya juu. Kile kipande chenye shingo kigeuze, shingo iangalie chini, ukikalishe ndani ya kipande kilichobaki. Ndani ya shingo weka kipande cha wavu wa dirishani, udongo usiporomoke. Jaza konzi moja au mbili za udongo wa kopo unalolishuku, bila kuushindilia. Chini kabisa weka maji kidogo yenye tone moja la sabuni ya maji. Halafu washa taa juu yake, iwe ile ya zamani inayotoa joto, kwa sababu za siku hizi hazipashi kitu. Iwe mbali kiasi cha kiganja, isiyeyushe plastiki. Ukikosa taa, jua la asubuhi linafaa, mradi sehemu ya chini uifunike kwa kitambaa ibaki na ubaridi.

Viumbe wa udongoni wanakimbia joto na ukavu. Udongo unapokauka kutoka juu, wanashuka, wanafika shingoni, wanaangukia majini. Baada ya siku moja au mbili mwaga yale maji kwenye sahani nyeupe uwaangalie. Ukikuta mchanganyiko wa wa kahawia, wakimbiaji na warukaji, una udongo wenye afya. Ukikuta weupe wanene watupu, tena kwa wingi, kuna kitu kinaoza humo ndani.

Hatua ya tatu: inua macho, angalia majani

Hii hatua watu wanaipita, na ndiko hasara iliko. Geuza jani la nyanya, la nyanya chungu, la mnavu, la bilinganya. Angalia karibu na mishipa. Utitiri wekundu huacha vinukta vya njano au vyeupe juu ya jani, kana kwamba rangi imefyonzwa, na ndivyo ilivyo, maana wanatoboa na kufyonza. Wakizidi unaona utando mwembamba kati ya jani na kikonyo, kisha jani linakuwa la shaba na kukauka. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe, kisha pitisha kidole juu ya vinukta vilivyoanguka. Vikiacha mstari wa rangi nyekundu au ya machungwa, umempata.

Anayetutesa zaidi kwenye nyanya ni Tetranychus evansi, mwenye asili ya Amerika Kusini. Anapenda nyanya na mnavu kupita mimea mingine, kwa hiyo kopo la mnavu lililochoka kando ya nyanya changa ni ghala lake. Kwenye joto letu hahitaji zaidi ya wiki moja hadi mbili kutoka yai mpaka kuwa mkubwa anayetaga.

Angalia pia majira. Wa udongoni hushamiri mvua ikinyesha na makopo yakikaa mabichi. Wa majani hushamiri kiangazi, Juni hadi Septemba, vumbi likiwa limekaa juu ya kila jani. Ukiona mmea unadhoofu mwezi Agosti na udongo ni mkavu, usihangaike na udongo.

Wenye mihogo uani wanajua jambo hili kwa njia nyingine. Utitiri wa kijani wa mihogo aligunduliwa Afrika mara ya kwanza nchini Uganda mwaka 1971, naye alitoka Amerika Kusini. Alikuja bila adui zake. Mwaka 1993 watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, waliachilia nchini Benin utitiri mwindaji aitwaye Typhlodromalus aripo, anayejificha kwenye ncha changa ya muhogo na kutoka usiku kuwinda. Alisambaa nchi nyingi na kupunguza madhara pakubwa. Utitiri dhidi ya utitiri. Kila nikimwona mtu anapulizia ovyo, huyu ndiye ninayemfikiria, kwa sababu wawindaji hufa upesi kuliko wanaowindwa.

Hatua ya nne: tafuta kilichowaita

Weupe wamejaa udongoni? Basi kuna maji yaliyozidi, au chakula kibichi, au vyote viwili.

Anza na maji. Pindua kopo uone matundu. Ndoo nyingi zinazopandwa zina tundu moja lililozibwa na mzizi, au hazina kabisa. Toboa matano au sita kwa msumari wa moto, kisha inua ndoo juu ya vipande viwili vya tofali, hewa ipite. Kisahani kinachokinga maji kimwage baada ya kumwagilia. Wakati wa masika sogeza makopo chini ya upenu, au angalau yasiwe pale maji ya bati yanapodondokea.

Kisha chakula. Kwetu kosa kubwa ni samadi mbichi, hasa ya kuku, na mabaki ya dagaa. Nimeona watu wakifukia vichwa na vumbi la dagaa moja kwa moja kwenye kopo la maua kwa sababu waliambiwa ni mbolea. Ni mbolea kweli, ila si hivyo. Utitiri wa ukungu ni wadudu wa ghalani pia, hushambulia hata samaki wakavu, kwa hiyo huenda umewaleta pamoja na hilo vumbi, na chakula chao ukawawekea. Mashudu ya mawese nayo ni vivyo hivyo, yakiwekwa mabichi yanavunda. Vyote hivi vipitishe kwanza kwenye lundo la mboji: changanya na majani makavu, geuza kila wiki mbili, subiri miezi miwili mitatu. Iliyoiva ni baridi ukiingiza mkono, haina harufu ya mkojo, na huwezi kutambua lilikuwa jani gani.

Samadi ya kuku ina jambo lake jingine. Ikiwa watu wa nyumbani wanawashwa usiku na banda liko karibu, mtafute utitiri wa kuku kwenye nyufa za banda, viota na vijiti vya kulalia. Huyo ndiye anayeuma. Makopo hayahusiki.

Hatua ya tano: kausha

Hii ndiyo tiba yenyewe, na kwa makopo mengi inatosha. Acha kumwagilia kwa ratiba. Ingiza kidole mpaka kiungo cha kwanza. Ukikuta unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha mpaka pakauke tena. Wengi wa hawa viumbe wanakaa sentimita tano za juu, na hapo pakikauka mara kwa mara mayai yao hayafiki mbali. Vijinzi nao hupungua kwa njia hiyo hiyo.

Miche michanga usiikaushe hivyo, itakufa kabla ya utitiri. Kwa hiyo tumia njia ya kumwagilia kutoka chini: kalisha kopo kwenye beseni lenye maji vidole viwili kwa nusu saa, kisha litoe. Mizizi inakunywa, juu panabaki pakavu.

Wakati unakausha, kwangua udongo wa juu kina cha vidole viwili, na kila jani lililoanguka humo, ukautupe kwenye lundo la mboji. Rudishia mchanga mnene wa fundi, uliooshwa, unene wa sentimita moja au mbili. Mchanga unakauka haraka na haulishi kitu. Majivu ya jikoni watu wanayapenda, na kidogo yanasaidia yakiwa makavu, lakini yakilowa hayana kazi tena na yanaongeza chumvi na magadi udongoni. Kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo, usirudie rudie.

Ipe wiki mbili mpaka tatu. Usiwahesabu kila asubuhi.

Hatua ya sita: ukiona mmea unadhoofu, toa mzizi uuangalie

Udongo umekauka vizuri na bado mmea unalegea? Laza kopo ubavu, gonga, toa mmea mzima na udongo wake. Mizizi mizima ni myeupe au ya krimu na inakatika kwa mlio. Iliyooza ni ya kahawia, laini, ganda lake linatoka ukiivuta, na ina harufu. Vinundu vidogo vilivyovimba kama sehemu ya mzizi wenyewe ni minyoo fundo, tatizo jingine kabisa.

Bibi mmoja wa Ujiji aliniita kuangalia mshubiri wake uliopandwa kwenye sufuria iliyotoboka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu tazama, namwagilia kila siku na ndiyo kwanza unalala."

Nilipouvuta, shina la chini lilikuwa limelainika, na kwenye ule uozo walikuwa wamejaa weupe wanene. Hao hawakuanzisha. Maji ya kila siku yaliozesha shina, wao wakafuata uozo. Tulikata mpaka kwenye nyama safi, tukauacha mshubiri kivulini siku chache jeraha lifunge, tukaupanda upya kwenye mchanga mwingi na udongo kidogo, bila maji wiki ya kwanza. Bibi alitaka kujua kama sufuria ni ya kutupa. Si ya kutupa, ilioshwa kwa sabuni na brashi, ikaanikwa juani.

Ndivyo utakavyofanya kwa mmea wowote wenye mzizi uliooza: kata kilichooza kwa kisu safi, suuza mizizi kwa maji, tupa udongo wote, osha kopo, anika, panda upya. Vitunguu na vitunguu saumu vilivyolainika na kujaa weupe usijaribu kuviokoa, wala usivitumie mbegu. Vichome au uvifukie mbali na bustani, na kopo hilo usirudishie vitunguu msimu unaofuata.

Mchanganyiko mpya ninaoupenda ni sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga mnene. Pumba za mpunga zilizochomwa nusu zinaweza kushika nafasi ya nusu ya mchanga, na kopo linakuwa jepesi.

Hatua ya saba: kusafisha udongo kwa joto

Si kila udongo unastahili kupikwa. Kwa ndoo kubwa za mboga nadhani ni kupoteza kuni. Lakini udongo wa kusia mbegu, au ule uliotoka kwenye mmea uliooza na huna mwingine, unafaa.

Kwa moto: chukua pipa dogo au sufuria kubwa, panga mawe chini, weka maji yasiyofika juu ya mawe. Juu ya mawe kalisha debe lililotobolewa matundu mengi chini, limejaa udongo wenye unyevu wa kawaida, usioshindiliwa. Katikati ya udongo fukia kiazi mviringo chenye ukubwa wa yai. Funika. Mvuke ukianza kutoka juu ya udongo, hesabu nusu saa, kisha chomoa kiazi ukichome na kisu. Kimeiva? Udongo nao umefikia joto linaloua utitiri, mayai, funza na magonjwa mengi. Bado kigumu, endelea. Usizidishe masaa, kwa sababu udongo uliopikwa kupita kiasi hutoa vitu vinavyounguza mizizi. Fanyia nje, harufu yake si ya kuvumilia ndani.

Kwa jua: subiri kiangazi. Lowesha udongo, utandaze kwenye sakafu ya saruji unene wa sentimita 10 hadi 15, ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, pindo zote uzibane kwa mawe na udongo, joto lisitoroke. Acha wiki nne mpaka sita. Iwe nailoni angavu. Nyeusi inapata moto yenyewe, udongo chini yake haupati joto kama hilo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo ulizia nailoni ya kilimo inayouzwa kwa mita.

Udongo ukitoka kwenye joto unakuwa mtupu, na atakayewahi ndiye atakayeutawala. Uache wiki moja au mbili, changanya na mboji iliyoiva kiasi cha robo, wale wema warudi kabla ya wabaya.

Hatua ya nane: kwa utitiri wa majani

Ng'oa majani yaliyoharibika vibaya, yatie kwenye mfuko, usiyaache chini ya mmea. Kisha maji: bomba lenye msukumo, chini ya kila jani, asubuhi na mapema, siku tatu mfululizo. Kwa mmea mmoja au miwili barazani hii peke yake hufanya kazi kubwa, na inaondoa vumbi wanalolipenda.

Wakibaki, tumia sabuni. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na manukato kwa lita moja ya maji, au kwangua kipande kidogo cha sabuni ya mawese ya kienyeji uyeyushe mpaka maji yawe na weupe hafifu. Sabuni ya unga hapana, inaunguza majani. Jaribu kwanza kwenye majani mawili, subiri siku nzima. Pulizia jioni, chini ya majani mpaka yadondoshe, kwa sababu sabuni inaua tu anayelowa. Mayai haiyagusi, ndiyo maana unarudia kila baada ya siku tano mpaka saba, mara tatu.

Mwarobaini nao ni mzuri, na miti tunayo. Twanga gramu 50 za mbegu zilizomenywa kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka tone la sabuni, pulizia siku hiyo hiyo jua likizama. Jua linaharibu nguvu yake, na uliolala siku nyingi hauna kazi.

Ikishindikana kabisa kuna dawa za dukani, na hapa uwe mwangalifu. Dawa nyingi za wadudu hazimuui utitiri. Zile za jamii ya pairethroidi zinaua wawindaji wake, na baada ya wiki chache utitiri wekundu wanarudi wengi kuliko mwanzo. Ulizia dawa iliyoandikwa kwenye lebo kwamba ni ya utitiri, kwa mfano yenye salfa au abamektini, iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Salfa usiipulizie saa za joto kali, wala kwenye mmea uliopakwa mafuta, iwe mawese au mengine, ndani ya wiki mbili, majani yataungua.

Vitu vya kutomwaga koponi

Mafuta ya taa, jiki, maji ya betri, dawa ya mbu ya kopo: vyote vinaua mizizi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe inaua kupe, ndugu wa utitiri, lakini haikutengenezwa kwa mboga utakayokula.

Maji ya tumbaku yanahitaji neno la ziada, kwa sababu tumbaku ya Tabora na ya wilaya zetu za juu inapatikana kirahisi na wazee waliitumia. Nikotini inapenya kwenye ngozi na inaweza kukulewesha vibaya, mtoto zaidi. Na kuna virusi vya batobato ya tumbaku, vinavyodumu hata kwenye jani lililokaushwa na vinashambulia nyanya na pilipili. Ukimwaga maji hayo unaweza kuondoa utitiri na kuleta ugonjwa usio na dawa. Mvutaji wa sigara naye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

Mche mgeni

Utitiri wengi hawajizukii tu, wanakuja na mche ulionunua sokoni au ulioombwa kwa jirani. Ukiupokea, geuza majani yake pale pale, kisha uuweke peke yake upande mwingine wa ua kwa wiki mbili. Muda huo unatosha mayai ya utitiri wekundu kuanguliwa na dalili kuonekana. Ukibaki safi, usogeze na wenzake. Ukionyesha vinukta, anza na maji ya bomba kama nilivyoeleza, na kisu au mkasi ulioutumia hapo uoshe kabla hujagusa kopo jingine.